Leonia Yupo?

Mwalimu Kasimiri hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema, maana mkiyasikia aliyoyafanya mtataka kumtukana, na waliokwisha kumtukana ni wengi. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Mhalule, kijiji cha wakulima wa tumbaku ng'ambo ya reli, mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli kutoka Kigwa, na kwa miaka tisa ya ukuu wake hakuwahi kugusa sukari ya uji wa watoto. Jumatatu ile alimwita Mwalimu Advera ofisini, akafunga mlango, akampisha kwenye kiti chake mwenyewe kwa kuwa cha wageni kilikuwa kimevunjika mguu.

"Madamu," akasema, "kaa vizuri. Nimepata namna ya kukuokoa."

Advera akakaa. Alijua anaokolewa na nini. Alhamisi mkufunzi wa chuo angekuja kumtazama akifundisha, na hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho ya kuwa mwalimu wa elimu maalumu mwenye cheti. Miaka mitatu alikuwa akisoma kwa likizo. Kila Juni na kila Desemba, wenzake wakienda shambani kwao au wakilala tu, yeye alipanda treni Kigwa na begi la madaftari na mfuko wa michembe ya viazi ya kutafuna njiani. Ukifeli mazoezi ya kufundisha mara mbili, hakuna cheti. Na mpango huo wa kusomea kazini chuo kilikuwa kinaufunga mwaka huohuo. Mara ya kwanza Advera alikuwa amefeli.

Alifeli vibaya, tusifichane. Katikati ya somo treni ya mizigo ilipita, na Shukrani, binti ambaye akisikia treni hashikiki, akatoka mbio. Wawili wakaanza kulia kwa sababu Shukrani ametoka. Na Leonia, mtoto wa Advera wa kumzaa, akajikojolea juu ya zana za kufundishia. Mkufunzi wa siku ile, mama mmoja mwenye haraka zake, aliandika thelathini na nane kwa mia, na chini yake: "Mwalimu hamudu darasa." Aliyaandika hayo huku Advera kapiga magoti, anapangusa sakafu kwa kanga.

"Safari hii anakuja mwingine," Mwalimu Kasimiri akasema. "Anaitwa Nurdini. Hajawahi kukanyaga hapa, hamjui mtoto hata mmoja. Sasa nisikilize. Nimechagua watoto saba wa Darasa la Tatu. Si wale wajanja kabisa, wa katikati. Watakaa kitengoni kwako siku hiyo, utafundisha, utapewa maksi zako, mgeni ataondoka. Tumemaliza."

Advera hakuelewa mara moja, au alijifanya haelewi. "Na wa kwangu?"

"Wa kwako wapumzike nyumbani. Siku moja tu, Madamu! Kuna mtoto aliyekufa kwa kupumzika siku moja?"

"Lakini mwalimu mkuu, huyo mtu anakuja kuona ninavyofundisha watoto wenye ulemavu wa akili."

"Anakuja kuona unafundisha, basi. Wewe mgeni akifika kwako unamwekea chai kwenye kikombe chenye ufa? Si unamtolea kile cha kabatini?" Akashusha sauti. "Ile barua ya halmashauri unaikumbuka. Kitengo kisicho na mwalimu mwenye cheti, ikifika Desemba kinafungwa. Ukifeli wewe, watoto wako saba hawana shule. Hapo si siku moja, ni maisha. Siku moja kwa maisha yao yote. Niambie nakosea wapi."

Advera alitafuta pa kumwonyesha kwamba anakosea. Alipatafuta kwa dakika nzima, macho yake kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, na hakupaona. Akaomba ruhusa arudi darasani.

*

Jioni hiyo alimkuta mumewe, Adriano, barazani, anachambua tumbaku kwa madaraja: majani yenye rangi nzuri kulia, yenye madoa kushoto. Leonia alikaa miguuni pake. Alikuwa na miaka kumi na mmoja na kazi yake ilikuwa kumpa baba jani mojamoja, na kila jani alilitazama kwanza pande zote mbili kwa makini kuliko mkaguzi wa soko. Shingoni alivaa kadi yake. Kila mtoto wa kitengo alikuwa na kadi ya boksi yenye jina na picha. Ya Leonia ilikuwa na picha ya kuku, na hakukubali kuivua hata wakati wa kuoga, mpaka Advera akaizungushia nailoni.

Neno la Leonia lilikuwa moja. Kila asubuhi kitengoni Advera aliita majina: "Leonia yupo?" Na Leonia alipiga dawati kwa kiganja mara mbili, akasema, "Po!" Kumfikisha hapo kulichukua miaka miwili. Siku aliyoitika kwa mara ya kwanza, Advera alitoka nje akaenda kulia nyuma ya vyoo, peke yake, kwa furaha. Walimu wenzake waliomwona walidhani amefiwa.

Alimweleza Adriano mpango wa mwalimu mkuu. Adriano aliendelea kuchambua majani, akamaliza rundo dogo, ndipo akasema, "Marehemu mama yangu akifufuka leo, atakudai samahani."

Hilo lilimpata mahali pake. Marehemu mama mkwe wake ndiye aliyekuwa na desturi ya kumwingiza Leonia chumba cha nyuma kila walipobisha wageni. Hakuwa peke yake, nyumba nyingi za Mhalule zilikuwa na chumba cha namna hiyo. Advera aligombana naye mpaka wakanyimana salamu wiki nzima. "Mwanangu hafichwi, mama," alimwambia, mkwe mzima, mbele ya watu. Kisha akaenda kuwaambia na wengine hivyohivyo. Nyumba kwa nyumba, kwa baiskeli, akiwatoa watoto vyumba vya nyuma, na mmoja akimfungua kamba. Ndivyo kitengo kilivyoanza.

"Kwa hiyo unanikataza," akasema.

"Sijakukataza." Adriano akajifuta mikono kwenye suruali. "Mimi na nguvu ya kukukataza wapi, Mama Leonia? Nimechoka tu. Likizo sita nimejisongea ugali mwenyewe, nimemwogesha huyu, nimemlisha, nimemlaza, watu wananicheka kilabuni kwamba mke wangu amenioa. Nilisema liwalo na liwe, siku moja ataleta hicho cheti. Sasa unataka kuniambia kilikuwa cha nini? Cha kufeli?"

"Nakuuliza unaonaje."

"Naona ufaulu," Adriano akasema. "Sasa Alhamisi naipeleka tumbaku sokoni, siwezi kukaa na mtoto. Utajua wewe utamweka wapi."

*

Jumatano alasiri Advera alizunguka kwa wazazi kuwaambia watoto wasije kesho. Wengine hawakuuliza kitu. Wa mwisho alikuwa Apolinaria, mama yake Shukrani, mwanamke mwembamba aliyekuwa akimfunga binti yake kwenye mguu wa kitanda kila alipokwenda shambani, mpaka Advera alipomfuata mara nne na kumsihi. Hakuwa anamfunga kwa ukatili. Reli iko hatua mia mbili kutoka mlangoni, na Shukrani anapenda treni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

"Sikai. Nimekuja kusema kesho Shukrani asije."

"Kuna nini kesho?"

"Tuna wageni."

Apolinaria alimtazama. "Aah," akasema. "Wageni." Akaendelea kupepeta mtama wake, wala hakumwuliza zaidi, na Advera akapanda baiskeli masikio yakiwaka moto.

*

Alhamisi walifika shuleni saa moja kasoro. Kitengo kilikuwa chumba kimoja kilichopakana na stoo ya chakula, ukuta mmoja tu wa matofali ya tope katikati, na Dafrosa, mpishi wa shule, alikuwa ameshatandika gunia humo stoo kati ya debe la mafuta na mifuko ya unga. Ameweka na bakuli la matobolwa ya viazi yenye karanga.

"Mwache hapa, mwalimu," Dafrosa akasema. "Mimi na Leonia marafiki. Mwalimu mkuu kasema asionekane uwanjani. Nitakaa naye humu humu, jikoni atashika msaidizi wangu."

Watoto saba wa Darasa la Tatu walikuwa wamepangwa mstari mlangoni, wameogeshwa, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Mwalimu Kasimiri akapita mbele yao na kitabu cha mahudhurio mkononi. "Leo nyie si nyie," akawaambia. "Jina nitakalokupa ndilo jina lako mpaka mgeni aondoke. Na msijibu harakaharaka. Mtu akiuliza, unahesabu moja mbili tatu moyoni, ndipo unajibu. Tumeelewana?"

"Ndiyooo mwalimuuu!"

"Taratibu!"

"Ndi-yo. Mwa-li-mu."

Mmoja akacheka, akapigwa jicho. Kisha wakagawiwa kadi za shingoni zilizokuwa zikining'inia kwenye misumari yake. Zilitosha sita. Wa saba, msichana anayeitwa Najiat, mtoto wa fundi cherehani wa kijijini, alibaki shingo tupu.

"Kadi ya Leonia iko wapi?" Mwalimu Kasimiri akauliza.

Advera aliijua ilipo. Akaingia stoo, akachuchumaa mbele ya mwanawe aliyekuwa mdomo umejaa matobolwa. "Leonia. Mpe mama kadi." Leonia akaikumbatia kwa mikono miwili. "Mpe mama. Mpe mwenzako." Maneno hayo ndiyo yaleyale waliyotumia darasani siku zote kujifunza kugawana penseli, mpira, kipande cha muwa. *Mpe mwenzako.* Leonia akafikiri. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi mzuri, tena sana, akaivua mwenyewe juu ya kichwa chake, akaitoa. Akangoja kupigiwa makofi, maana ukimpa mwenzako hupigiwa makofi.

Advera akampigia makofi.

*

Mkufunzi Nurdini alifika saa tatu na robo kwa pikipiki ya kukodi kutoka Kigwa, vumbi hadi kwenye nyusi. Advera alikuwa amejiandaa kumchukia, akakosa pa kumchukia. Alikuwa kijana mpole, mzaliwa wa Tabora mjini, aliyeomba maji ya kunawa kabla ya kuomba lolote na kumsalimia msaidizi wa jikoni kabla ya mwalimu mkuu. Akaketi nyuma ya darasa, akafungua fomu yake juu ya magoti.

"Endelea tu, mwalimu. Mimi sipo."

Advera alisimama mbele. Zana zilikuwa ukutani: vifuniko vya soda vya kuhesabia, herufi za kitambaa, picha za kuku na jembe na treni. Alizitengeneza miaka mitatu. Hakuna hata moja iliyokuwa ya watoto hawa. Akafungua kitabu cha mahudhurio, kwa kuwa ndivyo andalio la somo lilivyosema, ndivyo alivyoanza kila siku, na ndivyo alivyofundishwa chuoni kwamba mtoto wa namna hii lazima asikie jina lake.

"Shukrani yupo?"

"Nipo mwalimu!" akajibu msichana wa Darasa la Tatu. Hakuhesabu hata moja.

Akaita la pili, la tatu. Waliitika wote, wameketi wima, vidole viwili hewani. Mkufunzi akaandika kitu. Kadiri majina yalivyopungua Advera akaona mbele yake lile la mwisho, akatamani kuliruka. Lakini kadi ya kuku ilikuwa kifuani mwa Najiat, na fomu ilisema wanafunzi saba.

"Leonia yupo?"

"Nipo mwalimu," Najiat akasema.

Na nyuma ya ukuta, kwa nguvu, kiganja kikapiga mara mbili kwenye debe. "Po!"

Watoto walijua. Kila mtoto wa shule ile aliijua sauti hiyo, na saba wote wakamtazama Advera usoni kuona atafanya nini.

"Po!" Debe likalia tena. "Po! Po!"

Alikuwa hajajibiwa. Kitengoni ukisema "po", mwalimu husema "Ahsante, Leonia, karibu," ndipo anaita mwingine. Leonia alikuwa akingoja hilo. Advera alijua anangoja nini kuliko mtu yeyote duniani, kwa kuwa ni yeye aliyemfundisha kungoja.

Mkufunzi Nurdini akainua kichwa. "Nini hicho?"

Mlangoni Mwalimu Kasimiri alikuwa amesimama, uso umempauka. Ilikuwa zamu ya Advera. Angeweza kusema pale pale. Neno lenyewe lilikuwa fupi, "mwanangu", na alikuwa amelitamka mara elfu mbele ya mama mkwe, mbele ya kijiji, mbele ya wanaume wa kilabu. Akaona cheti. Akaona likizo sita, na Adriano anasonga ugali, na barua ya halmashauri, na watoto saba hawana shule.

"Wapishi, mwalimu," akasema. "Wanahamisha madebe."

"Haya. Endelea."

"Ahsante, Leonia," Advera akamwambia Najiat. "Karibu."

Debe likapigwa mara moja nyingine, kisha kitu kikaiziba ile sauti. Dafrosa alieleza baadaye kwamba alimkumbatia mtoto kifuani na kumwekea kiganja mdomoni, polepole, wala hakumwumiza, na kwamba Leonia hakupigana. Alinyamaza tu. Huku darasani Advera akafundisha namba moja mpaka kumi kwa vifuniko vya soda, na watoto wakajua zote, wakajua mpaka ishirini, na Najiat akasoma neno *kuku* kabla hajaonyeshwa. Lilikuwa somo zuri. Treni ilipita na hakuna aliyegeuza shingo.

*

Walimpa mgeni wali na kuku ofisini. Nurdini alikula kwa adabu, kisha akanawa, akafungua fomu.

"Themanini na nne," akasema. "Mwalimu, nimezunguka shule tisa mwezi huu na sijatoa themanini. Nimesoma taarifa ya mwenzangu aliyetangulia. Anasema watoto hawatulii, hawaitiki, wengine hawajamudu choo. Muda gani huo? Miezi mitatu?"

"Mitatu," Mwalimu Kasimiri akajibu upesi. "Huyu mama anajituma, hujapata kuona."

"Mimi nina mdogo wangu wa namna hii." Nurdini aliitazama kalamu yake. "Yuko nyumbani mjini, ana miaka kumi na tisa, hajawahi kuingia darasani hata siku moja. Mama yetu aliambiwa hafundishiki, akaamini. Leo nikirudi nitamwambia nilichokiona kwa macho yangu. Kwamba inawezekana."

Advera akafungua mdomo. Nadhani angesema. Hata Mwalimu Kasimiri baadaye alisema aliona kwamba anataka kusema, ndiyo maana akanyanyuka na bakuli akamwongezea mgeni paja la kuku, akiuliza habari za barabara ya Tabora. Na ikipita dakika jambo la namna hiyo halisemeki tena.

"Ahsante sana, mwalimu," ndilo alilosema.

Nurdini akajaza sehemu ya mwisho ya fomu, ile ya mapendekezo, kwa mwandiko safi, nakala moja ya chuo na nyingine ya halmashauri. Hawakumwuliza ameandika nini. Maksi walikwisha kuzipata.

*

Cheti kilikuja Septemba. Adriano alikitengenezea fremu ya mninga, akakitundika sebuleni, akachinja mbuzi, na watu wa jumuiya wakaja wakala. Wiki ya pili ikaja barua.

Mwalimu Kasimiri aliisoma kwa sauti, kisha akaisoma tena kimyakimya, midomo inacheza. Kwa mujibu wa taarifa ya mtathmini, wanafunzi wote saba wa kitengo wamefikia kiwango cha kumudu masomo ya kawaida. Halmashauri inaipongeza shule. Wanafunzi wahamishiwe Darasa la Tatu mara moja. Kitengo, kwa kuwa hakina tena wahitaji, kifungwe, na mwalimu husika apangiwe vipindi vya Darasa la Kwanza.

"Mayo wane," Advera akasema, akimlilia mama kwa lugha ya kwao. "Tukawaambie."

"Tukawaambie nini?"

"Kweli. Kwamba si watoto wale."

Mwalimu Kasimiri akaketi kwenye kile kiti cha mguu mmoja pungufu, akayumba, akajishika mezani. Alikuwa amezeeka ghafla. "Mimi nitafukuzwa kazi mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Sawa, nilijitakia. Wewe je? Cheti watakifuta na kazi watakuachisha. Na kitengo? Kitafungwa vilevile, maana mwenye cheti hayupo. Piga hesabu, Madamu. Safari hii nipigie wewe, mimi hesabu zangu umeziona."

Akazipiga. Kila njia aliyoifuata iliishia mlangoni pa chumba kilichofungwa. Wakati wanaongea, Dafrosa alikuwa tayari anahamishia kitengoni magunia ya mahindi, kwa kuwa stoo ilikuwa imejaa.

Watoto saba wa kitengo waliingizwa Darasa la Tatu, lenye wanafunzi tisini na nane. Walikaa sakafuni. Siku ya tatu walikuwa wamebaki wanne, na wiki ilipokwisha hakuna aliyekuja. Jumamosi Advera akachukua baiskeli yake kama zamani, akaenda kwa Apolinaria.

Shukrani alikuwa ndani, anasikika. Kamba ilikuwa mpya, ya manila, rangi ya buluu, na mama yake alikuwa ameizungushia kitambaa pale inapogusa mguu ili isimchune.

"Mama, tulikubaliana," Advera akasema.

"Tulikubaliana, mwalimu. Nikamleta. Wakamrushia maganda ya miwa, mwalimu wao akasema tumpeleke kwa wenzake. Nikauliza wenzake wako wapi, akasema kitengo kimefungwa kwa sababu wamepona." Apolinaria hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo Advera alishindwa kulivumilia. "Nilitaka kukuuliza kitu kimoja tu. Siku ile ya wageni. Wa kwako ulimweka wapi?"

Advera angeweza kudanganya. Alikuwa na cheti cha kazi hiyo.

"Stoo," akasema.

Apolinaria akatikisa kichwa taratibu, akamsogezea kigoda. "Kaa basi, mwalimu," akasema. "Umetoka mbali."

*

Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda kufundisha Darasa la Kwanza, Advera alimkalisha Leonia barazani, mbele ya kiti cha miti, akaweka juu yake vifuniko vya soda. Alikuwa ameamua kwamba angalau mmoja atamfundisha nyumbani, nusu saa kila siku, wabomoe shule yote wakitaka. Kadi ya kuku ilikuwa imerudi toka siku ileile ya mgeni, lakini mtoto hakuivaa tena. Ilikuwa inakaa kwenye msumari chini ya cheti. Akaitungua, akaifuta vumbi, akamvika. Adriano alisimama mlangoni na jembe begani, akitazama.

"Leonia yupo?"

Leonia aliutazama mkono wake. Hakuunyanyua.

"Leonia yupo?" Advera akapiga kiti mwenyewe, mara mbili, kumkumbusha. "Leonia?"

Mtoto akafikiri. Kisha akaivua ile kadi juu ya kichwa chake, polepole, vizuri, bila kukosea, akaishika mbele kwa mikono miwili, ameinyoosha hewani. Akageuka kuangalia njia ya kwenda shule, akingoja aje yule anayeitika.

Adriano akashusha jembe chini.

"Mpigie makofi, Mama Leonia," akasema. "Anangoja."